Staa, Honda ya Marehemu Baba na Kabureta Iliyolala kwenye Asidi: Fundi Kaonewa

Wiki nzima mjini stori ni moja. Msanii mmoja wa Bongo Fleva, jina kubwa tu, ambaye hata wanaojifanya hawamsikilizi wanajua viitikio vyake viwili vitatu, alitupia video akiwa pembeni ya pikipiki ya zamani. Uso kaukunja. Mkononi kashika kabureta yenye rangi ya majivu, imeliwa vitobo vitobo kama muhogo uliobunguliwa. Maneno ya chini yalikuwa mafupi: fundi maiko kaniulia kumbukumbu ya mzee wangu. Kisha ikafuata picha ya fundi mwenyewe, sura nzima, na kibao cha gereji nyuma yake kinasomeka.

Baada ya hapo ikawa kama kawaida ya mji huu. Matusi yakamiminika. Watu ambao hawajawahi kushika hata spana namba 10 wakawa mahakimu. Wengine wakapita gerejini kumpiga picha mzee wa watu akiwa kainama anafanya kazi yake, wakacheka, wakaondoka. Bodaboda waliokuwa wakipaki pale kuanzia alfajiri wakaanza kupeleka pikipiki zao mtaa wa pili, si kwa chuki, ila hakuna anayetaka kuonekana kwenye kamera ya mtu akiwa mteja wa "fundi maiko".

Fundi ana kosa, hilo halina ubishi, na litasemwa. Lakini kosa kubwa lilianza kabla hajagusa bisibisi, na lilianzia kwenye mdomo wa staa.

Pikipiki yenyewe ni Honda XL 125 ya mwanzoni mwa miaka ya 1980, zile ndefu zenye tairi za vishina, ambazo mabwana shamba na mabwana afya walikuwa wanazunguka nazo vijijini. Baba wa msanii alikuwa bwana shamba mkoani Iringa. Alipofariki, pikipiki ikafunikwa turubai ikawekwa bandani, na humo ikakaa miaka 11. Hakuna aliyekumbuka kufunga koki wala kumwaga mafuta. Mwaka huu msanii kaitoa, kaileta Dar kwenye lori la viazi, kwa sababu wimbo mpya unamhusu marehemu baba na video ilitakiwa imwonyeshe mtoto akiendesha chombo cha mzee. Wazo zuri kabisa. Ukiacha kiki zote, mtu anayekumbuka jasho la baba yake hivyo anastahili heshima.

Shida ni kwamba pikipiki ililetwa gerejini Jumanne mchana na kushuti ilikuwa Ijumaa asubuhi.

Wasiojua mambo ya pikipiki waelezwe kidogo hapa, maana ndipo kesi yote ilipo. Kabureta haina kompyuta wala umeme wa kuitegemea. Hewa inayovutwa na injini inapita kwenye koo jembamba, ikipita pale spidi inaongezeka na mgandamizo unashuka, na petroli inafyonzwa kutoka kwenye bakuli la chini kupitia vijitundu vinavyoitwa jeti. Jeti kubwa ni ya mwendo. Jeti ndogo ni ya sailensa, pale pikipiki inaponguruma taratibu bila kuguswa mafuta. Hiyo ndogo ndiyo yenye kesi nyingi, kwa sababu tundu lake huwa chini ya nusu milimita. Punje moja ya uchafu ikikaa hapo, pikipiki haikai sailensa, inazima kwenye foleni, inataka choki hata jua likiwa utosini.

Na petroli haivumilii kukaa. Ndani ya miezi michache tu sehemu zake nyepesi zinaruka, zinazobaki zinaungana na hewa na kugeuka kitu kama gundi, kahawia, chenye harufu ya rangi ya ukutani iliyochacha. Miaka 11 ni kitu kingine kabisa. Fundi alipofungua bakuli la ile Honda, kwa maelezo ya waliokuwepo, hakukuta mafuta wala maji. Alikuta kitu kama lami iliyokauka, na boya limeganda humo kama mdudu kwenye utomvu.

Sasa uchafu wa namna hiyo hausuguliwi. Njia za ndani ya kabureta zimechimbwa kwenye chuma, zinapinda, zinakutana gizani, na hakuna brashi inayofika. Kwa hiyo kuloweka si uvivu wala ujanja wa mtaani. Unakitumbukiza chuma kwenye kimiminika kinacholainisha gundi, ukakiacha, kimiminika kikaenda pale mkono usipofika. Fundi wa Kariakoo anafanya hivyo na fundi wa Marekani anafanya hivyo. Tofauti inakuja kwenye kilichomo ndani ya ndoo na saa ngapi kinakaa humo.

Jumanne jioni mzee aliloweka kwenye mafuta ya taa na kufunga ofisi. Hapo alikuwa sawa kabisa. Mafuta ya taa hayali chuma, yanalainisha taratibu, unaweza kuiacha kabureta humo siku mbili na kulala usingizi. Jumatano asubuhi gundi ilikuwa imeanza kuachia. Angeachwa, angebadilisha mafuta, angeisugua kwa mswaki na sabuni ya vyombo kwenye maji ya moto, angepuliza kila tundu kwa upepo wa kompresa, kisha angerudia. Kazi ya siku tatu nne kwa mtu makini.

Staa akapiga simu saa nne asubuhi. Kwa mujibu wa vijana wa pale, simu ilikuwa kwenye spika, mazungumzo yalisikika mpaka kwa mama ntilie.

"Mzee wangu, imefika wapi?"

"Mwanangu, hii ya zamani haitaki haraka. Nipe mpaka Jumamosi."

"Jumamosi nakuwa nimeshashuti mzee. Na nataka ing'ae. Injini yote ing'ae, kamera inapita karibu pale. Mtu wangu kaona video, wenzetu wanatumbukiza tu, wanatoa inang'aa kama mpya. Fanya ufanyavyo."

Neno "fanya ufanyavyo" ndilo lililoharibu kabureta ile.

Hizo video staa alizoziona zipo kweli. Wale wanatumia beseni lenye mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio, mara nyingi mitetemo 40,000 kwa sekunde, ndani yake maji ya moto na sabuni maalumu. Mawimbi yanatengeneza viputo vidogo mno vinavyopasuka juu ya chuma na kung'oa uchafu hata ndani ya matundu. Si uchawi, masonara na watu wa miwani hapa hapa mjini wanavyo vibeseni vya aina hiyo. Ila fundi wa kijiweni hana, na hakuna aliyejitolea kumnunulia wala kumkodishia. Bajeti ya nguo za ile video, kwa tetesi za watu wa karibu, ingetosha vibeseni kadhaa. Fundi alipewa Sh 20,000 za kuanzia.

Wale wa Marekani wenyewe, kabla ya vibeseni, walikuwa na mkebe wao maarufu wa kulowekea kabureta, unafungua mfuniko unakuta kikapu ndani. Wengi wao walikuwa wakilowekea kitu kinachoitwa methilini kloraidi. Kilikuwa kinakula gundi vizuri sana. Tatizo kilikuwa kinakula na watu. Ukivuta mvuke wake, mwili unaugeuza kuwa kaboni monoksaidi, ile hewa ile ile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Mwaka 2019 serikali ya kule ilizuia viondoa rangi vyenye kemikali hiyo kuuzwa kwa watu wa kawaida, na mwaka 2024 ikazuia matumizi mengine mengi. Kwa hiyo anayesema "wenzetu wanatumbukiza tu" angemalizia na sehemu ya pili ya stori.

Turudi gerejini. Jumatano mchana mzee alienda kutafuta gaskiti na oringi. Alimwachia dogo wake maagizo ya kuhamishia kabureta kwenye thina. Tayari hilo ni kosa la kwanza la fundi, kwa sababu bado kulikuwa na vipande vya mpira na plastiki humo ndani havijatolewa. Thina inavimbisha mpira. Ncha ya sindano ya boya ikivimba haizibi tena, na oringi ikivimba hairudi kwenye nafasi yake. Sheria ya kwanza ya kuloweka kabureta, kabla hata ya kuchagua dawa, ni kutoa kila kisicho chuma. Mzee anaijua, ana zaidi ya miaka 30 kazini. Haraka ilimsahaulisha.

Kosa la pili ni la usiku. Thina ilisafisha, lakini haikung'arisha. Kabureta ilitoka safi yenye rangi yake ya uzee, ile rangi ya kijivu iliyotulia. Hapo ilikuwa imepona! Mtu angeishia hapo, pikipiki ingewaka. Lakini agizo lilikuwa ing'ae. Mmoja wa vijana akasema kuna jamaa Buguruni huwa analoweka kwenye asidi ya betri, inatoka nyeupe pee. Mzee akasita, akaangalia saa, akaangalia simu, akakubali. "Dakika kumi tu," alimwambia dogo, kisha akaitwa kwenye gari la mtu lililozima barabarani. Akarudi usiku akiwa hoi, akapitiliza nyumbani. Kabureta ikalala kwenye asidi mpaka asubuhi.

Mwili wa kabureta za namna ile umeyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, na aloi yenyewe ni laini, ya zinki au alumini. Asidi ya betri ni asidi ya salfa, na zinki kwake ni chakula. Inachemka, inatoa viputo vya haidrojeni, ambayo ni hewa inayoshika moto, na chuma kinaisha. Dakika za mwanzo kweli kinang'aa, kwa sababu ngozi ya juu imeondoka. Baada ya hapo inaliwa nyama. Jeti, ambazo ni za shaba ya njano, zilitoka na wekundu, maana asidi ilikuwa imekwapua zinki yake ikabakiza shaba nyekundu tupu. Kiti cha sindano, pale ambapo petroli inazibwa bakuli likijaa, kilikuwa kimechimbika. Ukingo wa bakuli umepinda kama mdomo wa sufuria la shule.

Alhamisi wakaifunga hivyo hivyo, wakaipiga brashi ya waya, ikang'aa. Picha za kwanza staa alizipenda, aliweka hadi moyo mwekundu. Ijumaa pale lokesheni pikipiki ikawaka mara moja, ikakohoa, kisha petroli ikaanza kutiririka kutoka kwenye kabureta kwenda juu ya injini yenye moto. Watu wakaruka. Kwa bahati mtu mmoja alikuwa na akili ya kufunga koki. Ingekuwa sekunde chache zaidi mji ungekuwa unazungumza habari za wodi ya majeruhi.

Hayo ndiyo ya kabureta, na mtandaoni mazungumzo yote yaliishia hapo. Kuna mtu ambaye hajatajwa hata kwenye koment moja.

Dogo wa fundi. Ana miaka 19, kaja mjini kujifunza kazi, analala nyuma ya gereji. Yeye ndiye aliyechanganya ile asidi, usiku, peke yake, kwa tochi ya simu. Alimimina asidi kwenye ndoo kwanza, halafu akaongeza maji juu yake ili "kuipoza". Mtu yeyote aliyesoma kemia kidogo anajua kinachofuata. Asidi kali ikikutana na maji inatoa joto kubwa, na maji yakimiminwa juu yake yanachemka na kuruka. Inatakiwa kinyume, maji yatangulie na asidi ifuate kidogo kidogo. Ilimrukia kwenye kiganja na kifundo cha mkono wa kulia. Wenzake wakampaka dawa ya mswaki, dawa ya mtaa mzima kwa kila kinachoungua, wakati alichohitaji ni bomba liachiwe wazi juu ya ule mkono dakika 20 nzima na kisha hospitali. Alifika zahanati kesho yake mchana. Mkono umefungwa bandeji, spana hashiki.

Staa anaomboleza kabureta. Kwa kweli ni kumbukumbu ya mzazi na inauma. Lakini kwenye ile ndoo iliingia kabureta na mkono wa mtoto wa mtu, na kwenye mtandao kimeonekana kimoja tu.

Na isidhaniwe kwamba ni asidi peke yake. Tembea kijiwe chochote kuanzia Mbagala mpaka Mwenge uangalie mikono ya vijana wa gereji. Imepauka, imepasuka kwenye maungio, kucha zina rangi ya chai. Hiyo ni kazi ya petroli na thina, ambazo zinakausha mafuta ya ngozi kila siku. Kabureta inaoshwa kwenye kidumu kilichokatwa nusu, petroli mpaka kwenye kiwiko, hakuna glavu, na hatua tano pembeni kuna jiko la mama ntilie linawaka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hauendi juu, unatambaa chini kufuata moto. Ndani ya petroli kuna benzini, ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka kundi la kwanza, kundi la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Wapo wanaoinyonya kwa mdomo na mpira kila siku, wakatema, wakacheka.

Hata zile dawa za kopo za kupuliza, ambazo watu wanaziona za kisasa na salama, nyingine zina kemikali zinazogusa mishipa ya fahamu. Kule California mwaka 1999 na 2000 walipatikana mafundi magari waliokuwa wakihisi ganzi na vishindo vya sindano mikononi na miguuni, na sababu ikawa heksani iliyokuwemo kwenye dawa za kusafishia breki walizokuwa wakipuliza kutwa. Hao walikuwa kwenye gereji zenye leseni na milango. Sasa mfikirie dogo wa chini ya mwembe.

Watetezi wa staa wana hoja moja nzito na haifai kukwepwa. Wanasema fundi ni fundi, mteja akitaka kitu cha hatari, mwenye utaalamu ndiye wa kusema hapana. Ni kweli. Daktari hakatwi kauli na mgonjwa kuhusu dozi. Mzee alikuwa na nafasi ya kusema "bosi, chukua pikipiki yako", na hakuisema. Tena alimwachia kijana asiye na uzoefu ndoo ya asidi bila glavu wala miwani, na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 haikuandikwa kwa ajili ya viwanda vikubwa peke yake. Kwa mkono wa yule dogo mzee anawajibika, awe ana kibao barabarani au hana.

Ila wanaosema hivyo wajiulize fundi wa kijiweni anasemaje hapana kwa mtu mwenye wafuasi mamilioni. Akikataa, ataambiwa anaringa, kazi itaenda kwa jirani, na posti itawekwa vile vile. Akikubali akaharibu, ndiyo hii. Mteja wa kawaida wa bodaboda ukimwambia rudi keshokutwa atalalamika, atasonya, atarudi, kwa sababu anajua ile ni pikipiki na si keki. Staa hajui kusubiri kwa sababu hakuna anayemsubirisha. Na la kushangaza, huyu ni yule yule anayejisifu kwenye mahojiano kwamba wimbo mmoja aliukalia studio miezi minne mpaka sauti ya besi ikae anavyotaka. Prodyuza alipewa miezi minne kwa dakika tatu za muziki. Chuma cha zaidi ya miaka 40 kikapewa siku mbili na nusu.

Si yeye pekee. Sasa hivi pikipiki za zamani ndiyo habari ya mjini. Yupo mtangazaji mmoja wa redio katoa Vespa Unguja, yupo mchekeshaji ana Yamaha DT anaiita "bibi", yupo dada mmoja wa mitindo ana pikipiki tatu ukutani na hajui hata moja inawashwaje. Hakuna ubaya, zamani ni tamu. Lakini zinapelekwa gerejini kama nguo kwa dobi: leo chafu, kesho safi, na ole wako ukichelewa. Watu wanataka uzee uliopigwa polishi. Kabureta ya zamani iliyo nzima haing'ai kama kijiko cha harusi, ina ile rangi yake ya kufifia na hiyo rangi ndiyo ngozi inayoilinda.

Kwa wenye pikipiki za wazazi bandani, na wapo wengi, mambo ya kumdai fundi ni haya, na ni ya kumlipia pia. Apige picha kabla ya kufungua. Skrubu ya hewa aikaze taratibu mpaka iguse huku akihesabu mizunguko, aandike, ndipo aitoe, maana bila namba ile atarudisha kwa kubahatisha. Za Kijapani zina vichwa vinavyofanana na nyota ya kawaida lakini si sawasawa, bisibisi isiyokaa vizuri inavitafuna. Mpira na plastiki vyote nje. Aanze na maji ya moto na sabuni, kisha mafuta ya taa, hata siku mbili. Jeti asizichokonoe kwa waya wa chuma, shaba ni laini na tundu likipanuka kidogo tu pikipiki itakunywa mafuta kama lori. Uzi wa nailoni wa kuvulia samaki unatosha, au unyoya wa mswaki, halafu aiangalie juani kama tundu ni duara.

Kama kuna kutu nyeupe imegoma, hapo ndipo siki au ndimu inaruhusiwa, na bibi zetu wa pwani walikuwa wanajua hili kwa ukwaju kwenye masinia yao ya shaba. Hata hiyo ni asidi, ndogo lakini asidi. Robo saa, nusu saa ikizidi, mtu amesimama hapo hapo anaangalia. Halafu inazimuliwa kwenye maji yenye baking soda, inasuuzwa, inakaushwa kwa upepo mara moja. Asidi ya betri isiingie hata kwa dakika. Kostiki ya kutengenezea sabuni nayo isiingie, inakula alumini vibaya na kutoa haidrojeni ile ile. Na asitokee mtu wa kuchanganya Jik na asidi yoyote akidhani anaongeza nguvu, hewa inayotoka pale ni klorini, inaua.

Glavu za naitraili zinapatikana famasi, pea chache ni bei ya soda mbili tatu. Mteja anayedai kazi nzuri anaweza kufika nazo mkononi. Kwa thina zisitegemewe muda mrefu, zinalainika, zibadilishwe.

Mzee wa watu, kwa taarifa za jana, amekubali kulipa kabureta kwa kukatwa kidogo kidogo, na amebeba gharama za zahanati za dogo. Hajajitetea popote, hana hata akaunti. Staa hajafuta posti. Menejimenti yake inasema ana hasira na apewe muda, jambo la kuchekesha kidogo, kwamba muda umeanza kupatikana sasa. Asimpe mtu pole ya maneno. Afute ile picha yenye sura na kibao, apite zahanati alipe bandeji za yule kijana mpaka mkono upone, na ile hela ya kabureta ayamalize na mzee wakiwa wawili, bila kamera.

Pikipiki yenyewe bado inaweza kuwaka. Injini haijaguswa na asidi, plagi inatoa moto, kompresheni ipo. Kabureta mpya ya Kichina inaingia pale kwa kurekebisha kidogo, ila jeti zake zimepimwa kwa injini nyingine na itasumbua. Inayotakiwa ni Keihin ya XL ya enzi zile, hata kama imeganda gundi, mradi haijawahi kulala kwenye asidi. Mikoani zimejaa mabandani, hasa kwa wastaafu wa kilimo na afya. Mdau mwenye nayo aandike hapo chini mkoa alipo na hali ya kabureta, na kama anataka kuiuza yenyewe au pamoja na pikipiki.